Bibi anadhani mimi na wanangu ndio tutakaohamia

BARUA

Shikamoo Mama,

Mimi ni Mtanzania wa miaka 38, naishi Houston, Texas, pamoja na mke wangu na watoto wetu wawili. Mke wangu anahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mimi naendesha gari la mizigo zamu ya usiku. Nimekuandikia wewe kwa sababu hapa jumuiyani sina wa kumwambia. Nusu ya rafiki zangu wamejiunga na kozi hiyo hiyo niliyojiunga mimi, na nusu nyingine watanicheka.

Kozi ni ya nyumba. Nililipa dola 3,500 Novemba iliyopita, na hizo zilikuwa pesa za kuezeka upya nyumba ya mama yangu Muheza. Nilimwambia mke wangu zitarudi ndani ya miezi mitatu. Sasa tuko mwezi wa saba tangu nilipe.

Kwa wasomaji wasioijua biashara hii, ni hivi. Unatafuta nyumba iliyochakaa ambayo mwenyewe amebanwa na jambo: deni, msiba, talaka, uzee. Unasaini naye mkataba wa kuinunua kwa bei ya chini, unaweka arbuni kidogo. Kabla siku ya kukamilisha mauzo haijafika, unatafuta mwekezaji mwenye fedha taslimu, unamhamishia mkataba kwa bei ya juu zaidi, na tofauti inakuwa yako. Nyumba yenyewe huimiliki hata siku moja. Hapa wanaiita kuuza nyumba kwa jumla, ingawa jumla yenyewe sijaiona. Kwetu tungesema ni dalali aliyeweka cha juu.

Miezi yote hii nimekuwa natoka kazini alfajiri, nalala kidogo, naamka napiga simu. Nimetukanwa kwa Kiingereza na kwa Kihispania. Jumamosi nazunguka na gari mitaa ya kaskazini-mashariki nikitafuta majani marefu, rangi iliyobanduka, masanduku ya barua yaliyofurika. Watu watatu walikubali kuonana nami. Wawili walibadili nia. Wa tatu ndiye huyu bibi.

Ni Mmarekani mweusi, mjane wa miaka 74. Yeye na mumewe waliinunua ile nyumba mwaka 1981, wakiwa wameoana miaka miwili. Mume alifariki 2016. Mwaka uliofuata kikaja kimbunga Harvey, maji yakaingia ndani. Stoo ya jikoni hajaipaka rangi mpaka leo, na alama ya maji iko pale pale ukutani, inanifika magotini. Kodi ya majengo hajalipa miaka minne, deni limefika kama dola 11,000, na ameshapata barua ya mawakili. Anaogopa mnada. Anasema atahamia kwa dada yake Beaumont. Watoto hana. Marehemu alikuwa na mtoto wa kiume aliyempata ujanani, yuko Louisiana, hawawasiliani.

Nikapiga hesabu kama tulivyofundishwa. Nyumba za mtaa ule zikishakarabatiwa zinauzwa karibu dola 190,000. Unachukua asilimia 70, unapata 133,000. Unatoa ukarabati, nikakadiria 45,000, zinabaki 88,000. Hapo unatoa cha juu chako. Mimi niliweka 12,000, nikamwambia bibi 76,000. Hakubishana hata kidogo. Alisaini pale pale mezani jikoni. Nimeweka arbuni ya dola 500 kwenye kampuni ya hati, ile inayokagua umiliki wa nyumba na kusimamia mauzo, na nimelipa dola 100 kwa siku kumi za hiari, yaani ndani ya siku hizo naweza kujitoa bila kutoa sababu na arbuni yangu ikarudi. Leo ni siku ya nne. Mwekezaji nimeshampata, yuko tayari kutoa 88,000.

Bibi alipomaliza kusaini alitoka uani, akarudi na bamia kwenye mfuko wa karatasi. Amezipanda mwenyewe. Nikamwambia hata kwetu tunazila, akafurahi sana, akaniuliza majina ya wanangu. Nikamtajia. Akasema, "Nafurahi nyumba hii itapata watoto tena."

Mama, nilinyamaza. Mimi sikuwahi kumwambia kwamba tutahamia pale. Lakini nilipoona ndivyo anavyodhani, sikumwambia kwamba sivyo. Niliaga nikaondoka na bamia.

Jioni mke wangu alikuwa anaziosha, nikamsimulia yote nikitegemea atafurahi. Akafunga bomba. Akasema, "Kwa hiyo sasa wewe ndiye dalali wa Kibamba." Mwaka 2014 dalali alituuzia kiwanja Kibamba ambacho alikuwa ameshakiuza kwa mtu mwingine, na akiba yetu yote ya wakati ule ikaishia pale. Tangu jioni ile tunazungumza mambo ya watoto tu.

Nikamwuliza mwalimu wa kozi. Akanitumia ujumbe wa sauti: muuzaji hana haja ya kujua unafanya nini na mkataba wako, amepata bei aliyoikubali, na watu wanaoendeshwa na huruma ndio wanaobaki maskini.

Hizo 12,000 zingerudisha pesa za mama na kunipa nguvu ya kuendelea. Nikimweleza bibi ukweli naogopa atajitoa. Nisipomweleza, sijui nitamtazamaje mke wangu. Nifanyeje? Na biashara yenyewe, ni ya kuacha, au ni mimi ambaye sijaielewa?

Mtafuta Njia, Houston

JIBU

Marahaba mwanangu.

Niwaeleze wasomaji kwanza: barua hii ilipofika siku za hiari zilikuwa zinakwisha, kwa hiyo nilimjibu mwandishi faragha siku hiyo hiyo. Ninachochapa hapa ndicho nilichomwandikia, kwa ruhusa yake, na mambo machache ya kumtambulisha yeye na bibi nimeyabadilisha. Kabla ya safu hii nilifanya kazi Texas miaka kumi na moja katika kampuni ya hati, nikiandaa karatasi za ile meza ya mwisho ambapo muuzaji na mnunuzi wanasaini. Kwa hiyo barua yako niliisoma nikiiona.

Umeniuliza mambo mawili, lakini mimi nimeona matatu. Kuna bibi na mkataba wake. Kuna biashara yenyewe. Halafu kuna mke wako na pesa za mama, ambazo umezitaja juu juu kama vile ni maelezo ya pembeni, na nadhani ndizo zinazokunyima usingizi kuliko hayo mengine.

Nianze na neno la mke wako, maana limekuchoma na lina uzito wake. Dalali wa Kibamba aliwauzia kitu ambacho hakikuwa tena cha kuuzwa. Wewe hujafanya hivyo. Una mkataba halali, na tangu mwaka 2017 sheria ya Texas inakuruhusu kuuza haki yako iliyo ndani ya mkataba bila leseni ya udalali, kwa sharti kwamba unamweleza wazi mnunuzi kuwa unachomuuzia ni haki hiyo na kwamba hati ya nyumba huna. Ukianza kuitangaza nyumba yenyewe kana kwamba ni yako, hapo umeingia kwenye udalali usio na leseni. Kanuni hizi zinafanyiwa marekebisho mara kwa mara, kwa hiyo zisome zilivyo sasa kwenye tovuti ya tume ya Texas inayosimamia madalali. Usizichukue kwa ujumbe wa sauti wa mwalimu.

Na cha juu chenyewe, mimi sikioni kuwa haramu. Nimewahi kuandaa karatasi za kijana aliyerithi nyumba ya shangazi yake huku yeye akiishi jimbo la mbali. Paa lilikuwa limezama, ndani wamelala watu wasio na makazi, jiji linamtumia faini za majani. Akaja mtu kama wewe, akamwambia: mimi sina hela ya kuinunua, nitakutafutia anayeweza, nami nitapata kiasi fulani katikati. Kijana akakubali, akasaini kwa furaha, na yule mtu akaondoka na hundi ambayo aliitolea jasho. Alikuwa amezunguka, amepiga simu, amewaleta pamoja watu wasiojuana. Hiyo ni kazi.

Sasa rudi jikoni kwa bibi. Unasema hukuwahi kumwambia kwamba mtahamia. Nakuamini. Lakini nataka uitazame dakika ile aliposema nyumba itapata watoto tena, nawe ukanyamaza. Jiulize kwa utulivu: kama asingekuwa na picha ile kichwani, je, angekubali 76,000 bila kubishana? Pengine angekubali, maana anaogopa mnada. Pengine alikupunguzia kwa sababu aliona baba wa watoto wawili anayekula bamia. Jibu analo yeye, na njia ya kulipata ni kumwuliza.

Nikwambie pia kinachotokea siku ya kukamilisha, kwa sababu kozi nyingi hazikifundishi. Kampuni ya hati huandaa karatasi ya hesabu: bei, kodi inayodaiwa, ada, nani anapata nini. Cha juu chako kwa kawaida huonekana pale, kwenye mstari wake, na kiasi kimeandikwa. Nimeona mama mmoja mtu mzima akishuka na kidole karatasi nzima, taratibu, kama mtu anayesoma msahafu, akafika kwenye mstari ule akasimama. "Hii ni ya nani?" Chumba kikawa kimya. Yule kijana aliyekuwa amekunywa chai kwake wiki tatu alikuwa anatazama simu yake. Mama alisaini, maana vitu vyake vilikuwa vimeshapakiwa kwenye gari nje. Sheria ilitimia. Mimi niliichapa ile karatasi mwenyewe na sura yake sijaisahau.

Wako wanaokwepa hilo kwa kufanya mauzo mawili siku moja, bibi akuuzie wewe, wewe umuuzie mwekezaji, ili kila mmoja aone karatasi yake tu. Inawezekana, lakini gharama zinakuwa mara mbili na unahitaji mkopo wa siku moja kulipia ununuzi wa kwanza. Mwalimu wako akikushauri hivyo, mwulize ni gharama ya nini hasa unayoilipia.

Kuna jambo jingine ulilolichukulia kuwa limekwisha thibitika: kwamba bibi hana njia nyingine. Hapa naomba usome polepole. Texas, mwenye nyumba aliyefikisha miaka 65 na anayeishi ndani ya nyumba yake ana haki ya kuahirisha kodi ya majengo. Anajaza hati ya kiapo, anaapishwa, anaiwasilisha ofisi ya uthamini ya kaunti, ambayo kwenu Houston ni Harris Central Appraisal District. Kuanzia hapo hawawezi kuinadi nyumba kwa deni la kodi maadamu anaishi humo, na hata kama kesi ilikuwa imeshafunguliwa, inasimamishwa. Deni halifutwi. Linabaki juu ya nyumba, linaongezeka riba ya asilimia 5 kwa mwaka, na siku akihama au akifariki litadaiwa. Tena mzee wa umri huo ana misamaha mingine inayopunguza kodi yenyewe, na kodi ya shule inawekewa kikomo. Mumewe ndiye aliyekuwa akishughulika na karatasi? Wajane wengi niliowaona walikuwa hivyo. Mume akifa, misamaha inasahaulika, deni linakua, barua zinajaa kwenye droo bila kufunguliwa.

Kwa hiyo mnada anaouogopa usiku huenda una mlango wa kutokea ambao hajauona. Huenda akiuona bado atataka kuuza, kwa sababu amechoka kuishi peke yake na alama ya maji ukutani, na dada yuko Beaumont. Hiyo ni haki yake. Lakini atakuwa anauza kwa kutaka. Tena anaweza kuamua kuiuza ilivyo kupitia dalali mwenye leseni, asubiri miezi kadhaa, alipe kamisheni, na pengine abaki na zaidi ya 76,000. Pengine asibaki na zaidi. Nyumba iliyoingiwa na maji ina mambo yake.

Halafu kuna sentensi uliyoiandika kama unayapita tu: mtoto wa marehemu, Louisiana. Mwanangu, nilipofika hapo niliweka miwani chini. Waliinunua nyumba wakiwa ndani ya ndoa, kwa hiyo mbele ya sheria ya Texas ilikuwa mali yao wote wawili. Mume akifariki bila wosia huku ana mtoto aliyezaa na mwanamke mwingine, nusu yake ndani ya nyumba ile inakwenda kwa mtoto, haiendi kwa mjane. Mjane ana haki ya kuishi humo maisha yake yote na hakuna wa kumtoa. Lakini kuiuza nyumba nzima kwa saini yake peke yake hawezi. Je, marehemu aliacha wosia? Ulithibitishwa mahakamani? Jina la nani liko kwenye hati? Hukuniambia, na nadhani ni kwa sababu hukuuliza.

Kama wosia haupo, kampuni ya hati italigundua hilo na itasimamisha kila kitu mpaka yule mtoto apatikane na asaini. Mwekezaji wako hatasubiri. Hizo 12,000 ambazo umeshazigawa kichwani huenda hazikuwepo tangu mwanzo. Na hii ndiyo hatari kubwa ya anayeanza, kuliko hata kukosa mnunuzi: unamfunga mtu kwenye mkataba ambao huna uwezo wa kuutimiza. Wewe ukishindwa unapoteza dola 500. Yeye anapoteza wiki nne ambazo angezitumia kwenda kuahirisha kodi, huku siku za mnada zikisogea. Harris wanauza Jumanne ya kwanza ya kila mwezi.

Basi mbele yako kuna nini? Unaweza kuendelea kama ulivyo, usiseme kitu. Sheria ya upande wa mnunuzi ukiitimiza, na hati ikiwa safi, utalipwa. Utarudisha pesa za Muheza. Utabaki na bibi anayedhani kuna watoto wanaocheza kwenye uwanja wake, mpaka siku atakapopita na gari aone makontena ya kubomolea. Na utabaki na mke aliyekwishakuambia anavyoliona jambo hili. Sikutishi, nakupa hesabu yote, maana kwenye karatasi yako uliandika nusu.

Unaweza kumweleza. Kwamba hutahamia, kwamba kuna mwekezaji, kwamba katikati kuna dola 12,000 zako, na kwamba kabla hajaamua aende ofisi ya uthamini au apige simu kwa shirika la msaada wa sheria la bure. Unaogopa atajitoa, na kweli anaweza kukuomba umwachie. Pia nimeona wazee wakisema, "Asante kwa kuniambia, tuendelee," na wengine wakisema, "Basi tugawane hiyo." Bei ya kwanza haijaandikwa kwenye jiwe. Ukipunguza cha juu kikawa 5,000 na 7,000 zikaenda kwake, hesabu ya mwekezaji haibadiliki hata senti, kwake ni 88,000 zile zile. Fikiria kama ungeweza kuishi na kiasi hicho. Siyo lazima ujibu ndiyo.

Unaweza pia kujitoa ndani ya siku zako za hiari, arbuni irudi, upoteze dola 100. Lakini ukichagua hivyo, angalia usije ukatoweka tu kama mtu anayekimbia. Umeshajua habari ya kuahirisha kodi. Akija mwingine wiki ijayo akampa 60,000, hatakuwa na wa kumwambia.

Kuhusu biashara kwa ujumla, nitakuwa mfupi. Kama unataka kuendelea, zipo nyumba ambazo hazina mtu anayelia ndani yake: zilizorithiwa na watu walio mbali, za wenye nyumba waliochoka na wapangaji, zilizo tupu. Hesabu ya asilimia 70 uliyoifanya ni sahihi, lakini 45,000 za ukarabati ulizipata wapi? Kama ni kwa macho, nyumba iliyokaa majini inaweza kukudanganya kwa mara mbili. Na zile simu: Marekani kuna orodha ya kitaifa ya namba zisizotaka kupigiwa na wafanyabiashara, na sheria ya simu ya mwaka 1991 inampa aliyesumbuliwa haki ya kudai dola 500 kwa simu moja, hadi 1,500 ikionekana umefanya kwa makusudi. Orodha uliyonunua mtandaoni, je, imechujwa? Kama mwalimu anakuambia ufanye kazi majimbo yote kwa simu, mwulize kuhusu Illinois, ambako tangu 2019 ukifanya zaidi ya mara moja ndani ya miezi 12 unahitaji leseni. Mwulize kuhusu Oklahoma iliyotunga sheria yake 2021, na South Carolina iliyofuata 2024. Leseni ya Texas inahitaji saa 180 za masomo na mtihani. Kwa mtu wa zamu ya usiku ni nyingi, najua. Lakini tayari umeshatumia miezi saba, na saa ulizopiga simu sidhani kama ni chache kuliko hizo.

Nilitaka kumsema mwalimu wako kwa ile sentensi ya huruma na umaskini, nimejizuia. Nikuulize tu: yeye anapata hela yake kutokana na nyumba, au kutokana na watu wa zamu ya usiku wanaolipa 3,500?

Sasa mke wako. Umemwona kama anayekupinga. Mimi nimesoma mtu aliyewahi kuibiwa, ambaye pia anatumia siku zake zote kuwaogesha na kuwalisha wazee wa umri wa huyu bibi. Alipofunga lile bomba hakuwa anakuhesabia dola. Na bado kuna zile 3,500 ulizomwahidi kwa miezi mitatu, ambazo sijaona popote kwenye barua kwamba mmeketi mkazizungumzia. Mama yako naye, anajua ziko wapi?

Ukienda kwa bibi, kwa lolote utakaloamua, mwombe mke wako muende pamoja. Anajua kukaa na mzee, anajua kusubiri mtu amalize sentensi yake. Nendeni mchana, kabla siku ya kumi haijafika, na muulizeni kuhusu droo ya barua.

Na Muheza, mpigie mama wiki hii. Usimwahidi mwezi. Mwulize ni chumba gani kinachovuja zaidi. Bati za chumba kimoja unaweza kuzitoa kwenye mshahara.

Niandikie tena ukishaamua, hata kama umeamua tofauti na nilivyokuwa nikifikiria.

Mama wa safu hii